Sura ya Sita: Trei ya Rafu ya Chini

"Usikiguse," daktari wa mochwari alisema. "Kitazame tu kwanza."

Inspekta aliinama juu ya beseni. Koplo wake, aliyekuwa amebaki mlangoni na leso puani, alisogea, akachungulia, akarudi mbio alikotoka.

Ndani ya beseni mlikuwa na kitu kisicho na rangi, kinene kama mkono wa mtu mzima, kimejikunja kufuata umbo la mahali kilipotolewa. Kiling'aa. Kila daktari alipoegemea meza, kilitetemeka.

"Hiki ndicho kilichokuwa tumboni mwake?"

"Si tumboni. Utumbo mwembamba. Wapasuaji walimfungua jana jioni wakidhani utumbo umejisokota. Wakakuta hiki, na utumbo umeshapasuka. Akawafia mezani." Daktari alivua miwani akaipangusa, ingawa ilikuwa safi. "Mimi nimetoa sarafu kwenye miili ya watu, nimetoa meno ya bandia, nimetoa hata ufunguo wa gari. Leo nimetoa maji, Afande. Maji yaliyokataa kumwagika."

Alichukua kisu, akakata kipande, akakibinya kwa kidole chenye glovu. Hakikutoa hata tone.

"Ndiyo hiyo jeli yao," Koplo alisema kwa sauti ya puani, leso bado usoni. "Yule dada alimtilia kwenye chai. Kesi imekwisha. Twende tukapate kifungua kinywa."

"Unaweza kula sasa hivi?"

"Nimesema tukapate. Sijasema nitakula."

Inspekta hakucheka. Alikuwa anatazama beseni dogo la pili lililokuwa pembeni, lenye maji ya rangi ya kahawia na makombo.

"Na hiki?"

"Hicho ndicho kilichokuwa tumboni. Chai na biskuti."

"Chai bado ilikuwa tumboni?"

"Karibu yote."

"Na jeli ilishafika utumboni." Inspekta aliinua uso. "Sasa daktari, kama jeli ilikuwa ndani ya chai, ilifikaje mbele ya chai?"

Daktari alirudisha miwani usoni, akaitazama meza yake kama aliyewekewa mtihani.

"Ndilo lililoninyima usingizi," alisema.

Kesi ilikuwa imekaa vizuri mpaka hapo. Marehemu alikuwa mtafiti katika maabara ya polima, mtu wa mwili mkubwa na kicheko kikubwa, ambaye wenzake walimwita Sponji kwa sababu kazi yake ilikuwa kutengeneza vitu vinavyofyonza maji. Jana mchana alikuwa akinywa chai na wenzake. Kikombe alikuwa ameandaliwa na mkemia mwenzake, mwanamke waliyemwita Pilipili. Kabla hajakimaliza alishika tumbo, akaanguka. Waliomwinua walisema tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Katika pipa la taka karibu na birika, askari waliokota kifuko cha kitambaa, mfano wa kifuko cha majani ya chai, kimejaa jeli. Na juzi maabara nzima ilimsikia Pilipili akimfokea marehemu: "Nitakulisha hiyo jeli yako mpaka upasuke!"

Akapasuka kweli.

Pilipili alilala mahabusu. Mchana huu angepandishwa kizimbani na kusomewa shitaka la kuua, ambalo halina dhamana. Akishaingia gereza la rumande huenda asitoke mpaka nywele zibadilike rangi. Karatasi ya mashtaka ilikuwa tayari mezani kituoni. Ilibaki saini ya Inspekta.

"Sitii saini," alimwambia Koplo walipotoka nje kwenye hewa.

"Mkuu wa kituo atapasuka naye."

"Washa gari. Twende maabara."

*

Askari wawili waliolinda mlango wa maabara waliwapisha. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja na meza za vigae vyeupe. Koplo alipiga hatua tatu ndani, akasimama kama aliyekanyaga msumari.

"Afande. Ona."

Juu ya meza ya kati zilipangwa bika za kioo zilizojaa maji, na katika kila bika kilining'inia kifuko cha kitambaa kwa uzi. Vilikuwa vingi kama nguo za watoto mapacha kwenye kamba. Vingine vimenona, vimebonyea ubavuni, vinadondosha maji taratibu.

"Hivyo ni vya kupimia," sauti ilisema nyuma yao. Mkuu wa maabara alikuwa mrefu, mpole wa sauti, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate. "Unaweka jeli kavu ndani, unakitumbukiza kwenye maji, unakitoa, unakiacha kichuruzike, unapima uzito. Unakirudisha, unapima tena. Hivyo hivyo mpaka uzito usiongezeke."

"Jana hukutuambia," Inspekta alisema. "Askari wangu walitoa kifuko kama hiki pipani, nawe ulikuwa umesimama papa hapa."

"Sikuulizwa."

"Nakuuliza sasa. Mkishavipima mnavitupa wapi?"

Mkuu alitazama pipa lililokuwa karibu na birika. "Pale."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Koplo alijikuna kisogo. Kumbe ushahidi aliouokota kwa glovu, akaufunga, akaupiga muhuri, ulikuwa takataka za kawaida za ofisi.

"Nionyeshe inavyovimba," Inspekta alisema.

Mkuu alichota kijiko cha punje nyeupe kutoka kwenye chupa. Mtu angezitia kwenye uji akidhani ni sukari. Akazimimina kwenye bilauri ya maji, akakoroga mara moja. Wakazungumza kidogo juu ya joto la siku hiyo. Kisha akainyanyua bilauri, akaipeleka juu ya kichwa cha Koplo, akaigeuza.

Koplo aliruka akagonga meza. Vifuko vyote vikacheza kwenye nyuzi zao.

Hakuna kilichomwagika.

"Toba!" Koplo alisema, mikono bado kichwani. "Maji yamekwenda wapi?"

"Yamo humo humo. Fikiria wavu wa nyuzi ndogo zisizoonekana, zimefungwa mafundo huku na huku. Ukiwa mkavu umejikunja. Ukikutana na maji, nyuzi zinasukumana, wavu unafunguka, unayameza. Mafundo ndiyo yanayouzuia usisambaratike."

Inspekta aliomba chai. Akaletewa kikombe, moto. Akachukua punje kwenye ncha ya kijiko, akazitia, akakoroga. Chai ilipunguza mwendo, ikagoma, kijiko kikasimama wima katikati bila kushikwa.

"Mtu gani anakunywa hii asitambue?"

"Pengine aliimeza haraka."

"Kwa uma?"

Mkuu alitabasamu kidogo, kwa adabu. "Mimi ni mkemia, Inspekta. Ya watu nakuachia wewe. Ninachojua ni kwamba yule binti ana hasira, na vitisho vyake tulivisikia sote. Inaniuma kusema hivyo. Nimemlea hapa kama mwanangu."

"Inachukua muda gani kuvimba?"

"Umeona mwenyewe. Dakika chache."

"Wakati wote?"

"Wakati wote."

Inspekta alifunga punje kidogo kwenye karatasi, akazitia mfukoni. Walipofika kwenye ngazi, Koplo alinong'ona: "Basi tumerudi pale pale. Kama inavimba kwa dakika, na alianguka kwenye chai, basi ni chai."

"Chai haikuwa na jeli. Wewe mwenyewe umeona kijiko."

"Basi alimeza kavu, mapema."

"Ingevimbia tumboni. Ilikutwa utumboni, na haikuacha hata punje nyuma." Alishika mkono wa ngazi. "Hapa pana kitu hatujaambiwa."

*

Pilipili alikuwa mwembamba, mdogo wa umbo, na miwani yake ilikuwa na ufa upande mmoja tangu jana askari walipomkamata. Alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji, miguu ameipandisha.

"Umeleta ufunguo au umeleta maswali?"

"Maswali," Inspekta alisema.

"Kaa basi. Benchi ni moja, lakini nimeshalipasha joto."

Inspekta aliketi. Koplo alibaki kwenye nondo, mkononi chupa ya siki aliyotumwa kuichukua kantini bila kuambiwa ya nini.

"Ulimtisha marehemu?"

"Nilimtisha. Nimesema mabaya kuliko hayo juu ya mama mkwe wangu, na mpaka leo anakula na kushiba. Sponji alijaza oveni ya kukaushia kwa trei zake siku nzima, mimi kazi yangu inaharibika nje. Nikafoka. Akacheka. Nikafoka zaidi. Ndiyo tulivyokuwa tukisalimiana."

"Chai je?"

"Zamu yangu. Leo ingekuwa yake." Alivuta magoti karibu na kifua. "Hakuna hata mmoja wenu aliyenipa pole. Nimefiwa, mjue."

Koplo aliangalia viatu vyake. Inspekta alisema, "Pole." Kisha akauliza: "Jeli yenu inachukua muda gani kuvimba?"

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya maji."

"Maji gani?"

"Maji ni maji, dada," Koplo alisema.

"Ndiyo maana wewe ukawa koplo," Pilipili alimjibu bila kugeuka. "Afande, hakuna kitu kinaitwa maji tu. Kwenye maji yaliyokenekwa, yale safi kabisa, jeli inavimba mpaka unaogopa. Kwenye maji ya bomba inavimba kiasi. Kwenye maji ya chumvi inasinyaa. Na kwenye asidi inajikunja kama jongoo aliyeguswa, inalala. Unaweza kuiacha humo kutwa, ukaikuta vile vile."

"Tumboni mwa mtu pana nini?"

Pilipili alishusha miguu sakafuni.

"Asidi," alisema polepole.

"Na baada ya tumbo? Utumboni?"

"Asidi imeshavunjwa. Inaamka." Alishika miwani yake yenye ufa. "Mungu wangu. Iliamkia utumboni."

Inspekta alifungua karatasi yake. Akamwaga punje kwenye kifuniko, Koplo akamimina siki. Walitazama wote watatu, vichwa karibu kugusana. Punje zilikaa chini ya siki kama mchanga. Wakaendelea kutazama. Polisi wa zamu alipita, akawaona, akaendelea na safari yake. Punje zilikuwa bado punje. Kisha Inspekta akaimwaga siki, akaziosha punje, akaziwekea maji ya bomba, na zikaanza kunenepa, zikajaa, zikapanda ukingo wa kifuniko na kuanguka benchini, moja moja, kama macho ya samaki.

Koplo alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga nondo.

"Mkuu wako analijua hili?" Inspekta aliuliza.

"Analijua? Ndiye aliyenifundisha."

"Nimemuuliza asubuhi hii. Amesema inavimba kwa dakika chache. Wakati wote."

Pilipili aligeuka akamkabili.

"Hapana," alisema. "Hawezi kukosea hilo. Ni kama wewe usahau kufunga mlango wa mahabusu."

"Sponji alikuwa anatengeneza jeli gani?"

"Ya tumbo. Hiyo ni nyingine kabisa, yenyewe inavimba kwenye asidi. Unaimeza kwenye kidonge, inajaa tumboni, unajisikia umeshiba. Ikifika utumboni mafundo yake yanakatika, inakuwa majimaji, inapita. Hii uliyonayo hapa ni ya shamba, ya Mkuu. Inachanganywa na udongo ishike maji ya mvua. Mafundo yake hayakatiki ng'o."

"Zinatofautianaje kwa macho?"

"Hazitofautiani. Zote kama sukari."

"Mnazijuaje basi? Trei zimeandikwa?"

"Ziandikwe za nini? Rafu ya juu ya oveni ni tumbo, rafu ya chini ni shamba. Tangu oveni ilipokuja. Kila mtu anaijua rafu yake." Akapandisha mabega. "Hata juzi tulivyogombana, Mkuu alikuja akasema tuache utoto. Akazitoa trei zote, akazipanga upya kwa mkono wake, nikapata nafasi katikati. Ugomvi ukaisha."

Inspekta alisimama. Koplo alikuwa ameshaanza kuongea.

"Afande, kama alimeza kabla ya chai, basi alimeza nyumbani. Na nyumbani kuna nani? Mke. Mke wa mtu wa jeli, jeli imejaa kabatini. Nilisema mimi!"

"Ulisema ni huyu."

"Kabla ya hapo nilitaka kusema mke."

"Saa ngapi wananipeleka kortini?" Pilipili aliuliza nyuma yao.

"Mchana."

"Basi mkimbie," alisema.

*

Koplo alitayarisha pingu tangu kwenye gari.

Nyumba ilikuwa na viti vya kukodi uani na watu wachache waliokuja kutoa pole, wakizungumza kwa sauti za chini. Dada wa mjane, mwanamke mnene mwenye macho mekundu, aliwapokea mlangoni akiwa na jagi mkononi.

"Tunataka kuzungumza na mwenye nyumba," Inspekta alisema.

"Hajiwezi. Tangu usiku yuko chini. Uchungu umempiga, jamani, umempiga tumboni kabisa. Kila kitu anatapika."

Inspekta alisimama. "Tumboni?"

"Huzuni hiyo. Si ampendaye amemfia ghafla?"

Inspekta alimpita, akaingia chumbani. Koplo alifuata, pingu mkononi.

Mjane alikuwa amelala ubavu kwenye godoro sakafuni, magoti ameyavuta kifuani. Midomo ilikuwa imepauka. Karibu na kichwa chake palikuwa na ndoo, na karibu na ndoo kikombe kikubwa cha maji, nusu. Alipojaribu kugeuka ili awasalimie wageni, shuka ilishuka, na wote waliliona tumbo lake. Limejaa upande mmoja, limekaza, limeng'aa.

Pingu zililia zikiteremka mkononi mwa Koplo.

"Mama," Inspekta alipiga magoti. "Ulimeza nini?"

"Vidonge vyake," mjane alisema. "Vya Baba Mtoto. Mdogo wetu anaolewa, nikamwambia nataka nguo inienee. Akasema nitakutengenezea, lakini mimi kwanza, nikifa utajua havifai." Alijaribu kucheka, maumivu yakamkata. "Mzaha wake huo."

"Alimeza lini?"

"Usiku wa juzi. Viwili. Akakaa anangoja kushiba. Akasema, mbona sisikii kitu? Akala chakula chake chote, akaomba na changu. Asubuhi akavijaza kiganjani, akasema, hivi vimelala, ngoja niviongezee wenzao. Akavimeza vyote, akaenda kazini mzima. Nikaona havijamdhuru. Nami nikameza viwili."

Vimelala.

Inspekta aligeuka akamtazama Koplo, na Koplo, ambaye mambo mengi yalimpita, hili halikumpita. Vidonge vya tumbo vingemshibisha Sponji usiku ule ule. Vya shamba vingelala. Trei ya rafu ya chini ilipandishwa juu, ya juu ikashushwa, na mtu aliyeijua rafu yake akafungua oveni na kujaza vidonge bila kutazama mara mbili.

"Kunywa, mdogo wangu," dada alisema, akijaza kikombe kutoka kwenye jagi. "Kunywa kidogo tena."

Inspekta alikipiga kikombe. Kikaruka, kikagonga ukuta, maji yakamwagika sakafuni mpaka kwenye viatu vya Koplo.

Dada alibaki na jagi hewani, mdomo wazi.

"Nani amekwambia umnyweshe maji?"

"Bosi wao! Mkuu wa maabara! Alikuja alfajiri kutoa pole, hata watu hawajaamka. Akauliza, shemeji, na wewe ulimeza vile vidonge? Maana marehemu alimwambia kazini kwamba vidonge anamtengenezea mkewe. Vingapi? Akaambiwa viwili. Akasema, basi anywe maji mengi, kila mara, vitayeyuka."

"Vidonge vilivyobaki viko wapi?"

"Alivichukua. Kichupa kizima. Alisema anakwenda kuvipima."

"Akasema mumpeleke hospitali?"

Dada aliliweka jagi chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba ndani mlikuwa na nyoka.

"Alikataza," alisema. "Alisema huko ndiko alikofia mumewe, watampasua bure. Afande, nimempa majagi. Tangu alfajiri... asubuhi yote. Kwa mkono wangu huu."

"Koplo."

Koplo alikuwa ameshainama. Alimwinua mjane na shuka yake yote, akatoka naye mlangoni ubavu ubavu, akapita katikati ya viti vya uani, watu wakasimama. Aliyekuja na pingu aliondoka na mgonjwa mikononi, akipiga kelele afunguliwe gari.

"Asinywe hata tone!" Inspekta alimpigia ukelele. "Mwambie mpasuaji ni jeli ya shamba, kama ile ya jana!"

Gari likaondoka. Uani mtu mmoja alianza kulia, mwingine akamnyamazisha.

Inspekta alirudi chumbani. Dada alikuwa ameketi sakafuni pale pale penye maji.

"Una namba ya Mkuu?"

"Aliniachia. Alisema nimpigie hali ikibadilika."

"Imebadilika. Mpigie. Weka spika. Usimwambie nipo, usimwambie mdogo wako ameondoka. Mwambie tumbo limezidi tu."

"Siwezi. Nitamtukana."

"Utamtukana baadaye, hata mimi nitakusaidia. Sasa hivi kuna mwanamke mwingine anapelekwa kizimbani kwa kosa lisilo lake. Piga."

Simu iliita mara mbili. Ikapokewa.

"Shemeji," sauti ya upole ilisema. "Anaendeleaje?"

"Anazidi." Dada alijibana mdomo kwa kiganja, akakitoa. "Tumbo limekuwa gumu."

"Amekunywa kiasi gani?"

Aliuliza kama anayesoma mizani. Dada alimtazama Inspekta, machozi yanamtiririka bila sauti. Inspekta alimwonyesha jagi.

"Jagi zima. Na jingine nusu."

"Vizuri. Mwongeze."

"Anatapika."

"Akitapika mpe tena. Yanayobaki ndiyo yanayofanya kazi."

"Hatumpeleki hospitali? Watu hapa wanasema..."

"Watu si madaktari. Hapana. Mwache apumzike, mfungie mlango. Na shemeji, polisi wakija leo, mwambie amelala. Wasimsumbue. Vidonge usivitaje kabisa, utawachanganya bure."

Dada aliangusha simu mapajani. Inspekta aliichukua.

"Mkuu," alisema. "Ni mimi."

Kwenye spika ilisikika mashine ya maabara ikiunguruma, na nyuma yake, mahali fulani, maji yakidondoka.

"Inspekta." Sauti ilikuwa imekauka. "Naweza kueleza."

"Trei ulizibadilisha makusudi?"

"Hapana! Haki ya Mungu, hapana. Niliziweka tu. Wanagombana, nikazitoa, nikazirudisha, sikuangalia ipi juu ipi chini. Nani angedhani... Sikujua mpaka alipoanguka. Nilifungua oveni, nikachukua punje rafu ya juu, nikazitia kwenye siki. Zikalala."

"Ukajua."

"Nikajua."

"Na alfajiri ulipokuja kumwona mkewe, ulikuwa unajua."

Kwenye spika kilisikika kiti kikivutwa.

"Ungesema jana, leo ungekuwa na aibu tu," Inspekta alisema. "Kichupa kiko wapi?"

"Mfukoni."

"Kiache humo. Askari wawili wako mlangoni pako. Nenda ukawafungulie wewe mwenyewe."

Alikata. Akapiga kwa askari wale, akawapa maneno machache. Wakati wote huo dada wa mjane alikuwa anapangusa sakafu kwa upindo wa nguo yake, sehemu ile ile, tena na tena, ingawa ilikuwa imeshakauka.

Inspekta alimpigia mwendesha mashtaka mara kadhaa bila kumpata, na saa nzima ikapita kabla simu yake haijaita.

"Wamemfungua," Koplo alisema. Alikuwa anahema kama aliyembeba mgonjwa hospitali kwa miguu. "Mpasuaji anasema utumbo umevimba lakini haujatoboka. Ametoa pande kama ngumi. Afande, nimeliona. Sitakula tena jeli ya mkate maisha yangu yote."

"Anapumua?"

"Anapumua. Amesema tungechelewa kidogo tu, ingekuwa habari nyingine."

Inspekta aliegemea ukuta. Dada alikuwa amesimama, anamtazama mdomoni, hathubutu kuuliza. Inspekta alitikisa kichwa kumwambia ndiyo, na mwanamke yule akaketi tena chini, kwa uzito wake wote.

Jua lilikuwa limesimama juu ya paa. Inspekta alipiga tena namba ya mwendesha mashtaka, ikaita mpaka karibu kukatika.

"Uko wapi wewe?" mwendesha mashtaka alifoka kwa kunong'ona. "Karatasi haina saini yako, mkuu wa kituo ameamua kutia yake. Niko ndani ya mahakama."

"Usimsomee shitaka yule mkemia."

"Hakimu ameketi, Inspekta. Mshtakiwa ameshapanda kizimbani."

"Basi mshushe."